Mafuta Mepesi ya Ngozi na Nywele: Kazi Yake na Mipaka Yake

Katika nyumba nyingi za mwambao wa Afrika ya Mashariki, tangu Lamu hadi Mtwara, chupa ya mafuta ya nazi haikosekani. Mtoto hupakwa baada ya kuogeshwa, nywele hulainishwa kabla ya kusukwa, na wakati wa harusi mafuta hayo hayo hutiwa asumini au karafuu ili yanukie. Barani, hasa katika mikoa ya Singida na Dodoma, hukamuliwa mafuta ya alizeti, ambayo nayo yanafaa kwa kazi hiyo. Mazoea haya ni mema. Hata hivyo, mazoea yasiyoongozwa na maarifa huweza kumdhuru mtu. Ngozi ya mtoto huweza kuunguzwa na mafuta ya karafuu yaliyozidi kipimo, na mtu mwenye ualbino huweza kutoka juani akidhani kwamba mafuta aliyojipaka yamemkinga. Kwa hiyo inafaa kujua mafuta hufanya kazi gani hasa, na kazi hiyo hukoma wapi.

Maana ya neno "mepesi"

Watu husema kwamba mafuta ya alizeti ni mepesi na mafuta ya nyonyo ni mazito. Mwanafunzi akiyapima kwa mizani atashangaa: mililita 100 za mafuta ya alizeti zina uzito wa gramu 92 hivi, na za mafuta ya nyonyo gramu 96 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo. Kinachotofautiana sana ni mnato, yaani ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka. Katika joto la kawaida la chumba, mnato wa mafuta ya nyonyo huuzidi ule wa mafuta ya alizeti kwa zaidi ya mara kumi.

Sababu imo katika molekuli. Mafuta ya mimea hujengwa hasa kwa gliserini iliyoungana na asidi tatu za mafuta. Katika nyonyo, karibu sehemu tisa kwa kumi za asidi hizo ni asidi ya risinoleiki, ambayo ina kikundi cha haidroksili (OH) katika mnyororo wake. Vikundi hivyo huvutana kwa bondi za haidrojeni, mithili ya watu walioshikana mikono katika umati, hata kupita kati yao kukawa kwa shida. Asidi ya linoleiki, iliyo nyingi katika alizeti ya kawaida, haina kikundi hicho. Kwa hiyo molekuli zake hupishana bila taabu. Katika mafuta ya nazi, karibu nusu ya asidi ni asidi ya lauriki, yenye atomi 12 tu za kaboni. Mafuta hayo huganda joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi za Sentigredi. Ndiyo maana huko Njombe, asubuhi ya baridi, huonekana meupe na magumu chupani, ilhali Tanga hubaki maji.

Mafuta huzuia maji yasitoke

Mafuta hayana maji ndani yake, na kwa sababu hiyo hayawezi kuipa ngozi maji. Tabaka la nje la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa kama matofali, na kati yake kuna lipidi zinazoziunganisha kama udongo wa kujengea. Maji ya mwilini huvukizwa kidogo kidogo kupitia tabaka hilo. Mafuta yanapopakwa huziba nyufa ndogo na kupunguza kasi ya mvukizo. Basi wakati ufaao wa kupaka ni mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Anayepaka ngozi iliyokwisha kukauka huifanya ing'ae, lakini harudishi maji yaliyopotea.

Tena, mafuta hayalingani. Utafiti uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba mafuta ya zeituni yaliudhoofisha ukuta wa ngozi ya watu wazima waliojitolea, lakini yale ya alizeti hayakufanya hivyo. Mafuta ya zeituni yana asidi nyingi ya oleiki. Alizeti ya kawaida ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi yenyewe huitumia kujengea lipidi zake. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kupakwa mafuta ya alizeti walipungukiwa na hatari ya kuambukizwa maradhi hospitalini kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wasiopakwa. Ikumbukwe kwamba watoto hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Mafuta hayakuwa badala ya matibabu.

Kuhusu nywele, A. S. Rele na R. B. Mohile wa India walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Molekuli zake, zenye minyororo mifupi iliyonyooka, huweza kupenya ndani ya unywele. Nyingine hubaki juu.

Mafuta ya kuchukulia

Mafuta mepesi hufanya pia kazi ya chombo: huchukua vitu vyenye nguvu na kuvisambaza kwa kiasi kidogo. Hapa ndipo kipimo kinapohitajika. Mafuta ya karafuu yaliyotoneshwa kwa mvuke, kama yatengenezwayo Pemba, kwa sehemu kubwa ni yujenoli, kemikali inayoweza kuunguza ngozi. Yasizidi asilimia 0.5 ya mchanganyiko, yaani nusu mililita katika mililita 100, ikipimwa kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano. Mtu akimimina kijiko kimoja cha chai, chenye mililita 5, katika chupa hiyo, atapata karibu asilimia 5, yaani mara kumi ya kipimo. Watoto wachanga wasipakwe kabisa. Mtu mzima naye apake kwanza tone moja upande wa ndani wa mkono na kungoja siku mbili. Ngozi ikiwasha au kuvimba, aache.

Mahali mafuta yanapokoma

Mafuta ya mimea hayatoshi kuzuia miali ya urujuanimno. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake ina melanini kidogo sana au haina kabisa, kosa hili huweza kuishia katika saratani ya ngozi. Ndiyo maana huko KCMC, Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ilibuniwa krimu maalumu ya kukinga jua, iitwayo Kilisun. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli havina badala. Wala maji ya ndimu yasichanganywe na mafuta kwa nia ya kung'arisha ngozi: yana furokumarini, ambazo zikipigwa na jua huiunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Mafuta nayo huharibika. Oksijeni hushambulia bondi pacha za asidi ya linoleiki, hivyo mafuta ya alizeti huvunda upesi kuliko ya nazi. Yawekwe katika chupa ndogo, kavu, yenye rangi ya giza. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani yachemshwe mpaka maji yote yaishe, kwani mabaki ya maji huyaharibu.

Jaribio la darasani

Vikatwe vipande vitano vya kiazi vyenye uzito sawa. Cha kwanza kiachwe bila mafuta. Cha pili kipakwe mafuta ya alizeti, cha tatu ya nazi, cha nne ya nyonyo. Cha tano kianikwe mpaka kinyauke, kipimwe, ndipo kipakwe mafuta ya alizeti. Vyote vipimwe kila baada ya saa mbili, na matokeo yachorwe katika grafu.

Maswali

1. Kwa nini kipande cha tano hakirudii uzito wake wa kwanza?
2. Ni mililita ngapi za mafuta ya karafuu zinazohitajika kutengeneza mililita 250 za mchanganyiko wa asilimia 0.5?
3. Mfanyabiashara anadai kwamba mafuta yake "huipa ngozi maji na kuikinga na jua". Yapimeni madai yake mawili kwa kutumia sayansi iliyoelezwa hapa.