Somo la Gari: Injini Isiyopata Moto Wake



Gari inayochemsha maji kila mtu aiogopa. Leo twataka kuzungumza juu ya kinyume chake, yaani gari ambayo haipati moto unaoistahili. Wengi wetu tukiona mshale wa geji ya joto umelala chini siku nzima hufurahi, tukasema, "Injini hii baridi kama mtungi, itaishi miaka mingi." Hilo ni kosa, na ni kosa la kutia hasara.

Somo hili limeletwa na barua. Mwanachama wetu mmoja wa Pemba alitia fedha za karafuu za misimu miwili katika lori la dizeli lililokwisha tumika, akamkabidhi mwanawe aliyehamia bara, katika mji mdogo wa Mpui, juu ya uwanda wa Ufipa, mkoa wa Rukwa. Kazi ya lori ni kuchukua mahindi na maharage kwenda Sumbawanga na Tunduma. Baada ya miezi michache kijana akamwandikia baba yake kwamba lori lanywa mafuta kupita kiasi. Asubuhi latoa moshi mweupe kwa muda mrefu. Chini ya kifuniko cha kutilia oili pana utando kama uji wa maziwa. Na fundi amesema injini imekwisha, yapasa ishushwe yote. Baba akatuuliza kama aweke rehani mikarafuu yake apate fedha za matengenezo. Tulimjibu asiweke rehani hata mti mmoja kabla kijana hajapima mambo haya tunayoyaeleza hapa. Twayachapa kwa faida ya wanachama wote.

KWA NINI INJINI YATAKA MOTO

Digrii zote tutakazotaja ni za Selsiasi. Injini nyingi zinazopozwa kwa maji zimeundwa zifanye kazi yao maji yakiwa kadiri ya digrii 80 hadi 100. Zikikaa chini ya hapo daima, madhara ni haya.

Kwanza, mafuta hayaungui yote. Petroli isiyoungua huteremka katika kuta za silinda, ikaosha oili iliyopaswa kuzilinda, kisha huingia chini na kuifanya oili iwe nyepesi. Dizeli nayo hutoa moshi mweupe wenye harufu kali. Katika gari za siku hizi zenye kompyuta, kompyuta ikiambiwa injini bado ni baridi huongeza mafuta, na dereva hulipa bila kujua.

Pili, maji. Kila lita moja ya petroli au dizeli ikiungua hufanya karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi kama mvuke, lakini kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia katika oili. Injini yenye moto huyakausha maji hayo yakatoka. Injini baridi huyaacha humo, yakachanganyika na oili, na huo ndio uji wa maziwa. Mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa sana jambo hili: karafuu iliyoanuliwa haijakauka, hata ikiwa nzuri namna gani, itaharibikia guniani.

MLINZI WA MLANGO

Anayeshika moto wa injini ni thamostati. Ni kifaa kidogo kama kizibo, kimewekwa katika njia ya maji baina ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu ili yapate moto upesi. Nta ikipata joto lake huvimba, ikausukuma mlango wazi, na maji huenda kwenye rejeta kupozwa. Joto hilo huchorwa juu ya kifaa chenyewe, mathalani 82 au 88.

Mlango huo ukikwama wazi, au kifaa kikiondolewa, maji hupita kwenye rejeta tangu injini inapowashwa. Visiwani kwetu wengi wamekiondoa kwa kusema, "Huku ni joto, hakina kazi." Joto letu huuficha ugonjwa. Lakini Ufipa, ambako nchi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na asubuhi za Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya digrii 10, ugonjwa hauna pa kujificha.

NAMNA YA KUPIMA

Fuata mpango huu, wala usiruke hatua.

1. Tazama maji kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta yenye moto. Maji yakipungua sana, sensa ya geji huenda ikabaki hewani, na mshale ukaonyesha baridi hali injini inaungua. Na ikiwa maji hupungua kila siku huku oili yageuka maziwa, hapo shuku gasketi ya silinda hedi, wala si baridi.

2. Hakikisha geji yasema kweli. Waya wa sensa ukikatika, katika gari nyingi mshale hulala chini daima. Endesha gari nusu saa, kisha elekeza kipima joto cha mkononi kwenye nyumba ya thamostati. Kikisoma digrii 80 na zaidi na mshale bado umelala, mgonjwa ni geji au sensa yake. Injini ni nzima.

3. Shika mpira wa juu wa rejeta. Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Iwashe, ukaguse mpira kila baada ya dakika moja, mkono na nguo zako vikiwa mbali na feni na mkanda. Thamostati ikiwa nzima, mpira hukaa baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto kwa ghafla. Mpira ukianza kupata uvuguvugu mapema, kidogo kidogo, pamoja na injini, mlango uko wazi. Katika gari nyingine thamostati iko upande wa mpira wa chini, basi tazama kwanza yako iko wapi.

4. Angalia mwendo wa mshale njiani. Ukipanda gari ikiwa imesimama au ikipanda mlima na mzigo, kisha ukaanguka mara gari iingiapo mteremko au mwendo wa kasi, hiyo ni dalili ya mlango uliokwama wazi.

5. Gari yenye kompyuta iunganishwe na mashine ya kusoma makosa. Namba P0128 maana yake ni kwamba maji hayakufikia joto la thamostati kwa muda uliopaswa.

6. Mwisho tazama feni. Feni isiyopumzika huzidisha baridi, lakini peke yake mara chache huwa ndiyo sababu, maana mlango ukifungwa vema maji hayafiki kwenye rejeta.

SUFURIA YA MPUI NA SUFURIA YA PEMBA

Vipimo hivyo vikionyesha kosa kwenye thamostati, itoe. Kwanza itazame kwenye mwanga. Ikiwa baridi na mlango uko wazi, itupe. Ikiwa imefungwa, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipima joto, isiguse chini, uyapashe maji polepole. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochorwa, na maji yakipoa ijifunge yote.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalifikiri. Pwani maji huchemka digrii 100. Kwenye nchi ya mita 1,700 huchemka kadiri ya digrii 94 tu. Thamostati ya 88 huanza kufunguka kwenye 88, lakini huhitaji kama digrii 10 zaidi ili ifunguke yote. Kwa hiyo katika sufuria ya Ufipa haitafunguka yote hata maji yakitokota, nawe ukidhani imekufa utakuwa umeitupa nzima. Huko juu angalia kuanza kwake na kufunga kwake, yatosha. Katika rejeta mambo ni mengine, kwa sababu kifuniko chake hubana maji yasichemke mapema. Kifuniko kibovu huchemsha maji upesi zaidi nchi za juu, na mara nyingi hapo ndipo dereva huondoa thamostati, kumbe dawa ilikuwa kifuniko kipya.

KUREJESHA MPYA

Nunua yenye namba iliyotajwa na watengenezaji wa gari. Upande wa nta uelekee kwenye injini. Kitundu kidogo cha kutolea hewa, ikiwa kipo, kiwe juu. Gasketi iwe mpya. Kisha toa hewa yote katika njia ya maji. Oili iliyogeuka maziwa imwage pamoja na kichujio chake.

Wengine huziba rejeta kwa boksi au gunia. Hiyo si tiba. Dereva wa Ufipa akisahau gunia lake akateremka bonde la Ziwa Rukwa kwenye joto, kisha akapanda na mzigo, atarudi na injini iliyoungua.

Nasi wa visiwani tuna letu. Gari ya shamba inayokwenda kilomita mbili kituoni na kurudi haipati moto hata thamostati ikiwa nzima. Mara moja kwa juma ipelekwe safari ndefu, na oili ibadilishwe mapema zaidi.

Jibu la Mpui lilifika baada ya wiki tatu. Maji yalikuwa kamili, geji ilisema kweli, na mpira wa juu ulipata uvuguvugu tangu dakika ya pili. Kijana alipofungua nyumba ya thamostati akaikuta tupu. Mwenye lori wa zamani alikwisha iondoa. Alitia mpya, akabadilisha oili. Ulaji wa mafuta umepungua, na moshi wa asubuhi hukoma upesi. Silinda zilizokwisha lika hazirudi, na siku moja injini itashushwa. Lakini si mwaka huu, wala si kwa rehani. Mikarafuu ya baba ingali yake.

Basi, ndugu mwanachama, kesho asubuhi kabla hujapakia gunia la kwanza, weka mkono wako juu ya mpira wa rejeta.