Kijana Aliyeziona Nati

Nchini Kenya, mteja aliyelipia matengenezo ya gari na kurudishiwa gari bovu ana haki ya kudai fidia, hata kama aliyelitengeneza ni muuzaji rasmi mwenye vyumba vya vioo na nembo ya kiwanda juu ya lango. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachomhakikishia mtumiaji bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na fidia ya hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 imeifafanua zaidi. Wanaoshindwa mara nyingi hushindwa kwa kukosa ushahidi: hakuna aliyelikagua gari kabla halijaguswa tena, au aliyelikagua hakusikilizwa.

Barua inayojibiwa wiki hii ni ya mwalimu mkuu mstaafu wa Nairobi. Ni ndefu, na sehemu yake kubwa inasimulia jinsi alivyokaribishwa chai pale mapokezi. Hapa kimebakizwa kiini tu. Gari lake ni la Kijapani, lenye giaboksi ya otomatiki ya aina ya CVT. Alilipeleka kwa muuzaji rasmi akalipa shilingi 68,000 kwa ajili ya oili mpya ya giaboksi, chujio la ndani na gasketi ya bakuli la oili. Wiki tatu baadaye gari likaanza kutetemeka kila linapopanda kilima na kuchelewa kuchukua mwendo. Meneja wa huduma akamweleza kwamba giaboksi imezeeka, nyingine ni shilingi 310,000, na kwamba alilete Jumanne ijayo lifunguliwe. Anauliza kama pesa zake zinaweza kurudi.

Zinaweza. Lakini katikati ya barua kuna sentensi ambayo mwandishi ameipita haraka, na ndiyo inayobeba kesi nzima: "Mwanangu ni makanika wa juakali kule Kariobangi, alichungulia chini ya gari akaanza kusema eti nati hazijafunguliwa, nikamwambia anyamaze asiniaibishe mbele ya wataalamu."

Chujio la ndani la giaboksi kama hiyo hukaa juu ya bakuli la oili. Halifikiki mpaka nati zote zinazolishikilia bakuli zifunguliwe na bakuli lishushwe. Nati iliyofunguliwa wiki tatu zilizopita huwa na alama za soketi kwenye pembe zake, tope lililoigandia huwa limebanduka, na ukingo wa gasketi mpya huonekana safi pembeni mwa bakuli. Nati zilizofunikwa na tope kavu la miaka, lisilo na ufa hata mmoja, hazijaguswa na mtu. Kijana huyo, kwa sentensi ambayo hakuruhusiwa kuimaliza, alikuwa anaeleza kwamba kampuni ilitoza pesa za chujio na gasketi ambavyo havikuwekwa. Mle ofisini mwa meneja wa huduma, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ametazama chini ya gari. Baba yake alimnyamazisha mbele ya mtu mwenye kila sababu ya kutaka anyamaze.

Hapo ndipo tatizo la barua hii lilipo. Mwalimu huyu amepoteza shilingi 68,000, na huenda akazipata. Lililo zito ni kwamba alipolazimika kuchagua wa kumwamini, aliangalia mavazi. Aliyevaa shati jeupe na tai alikuwa mtaalamu. Aliyevaa ovaroli alikuwa aibu. Na aliyevaa ovaroli alikuwa mtoto wake.

Meneja wa huduma katika kampuni kubwa, kwa kawaida, siye aliyelishika gari. Hupokea funguo, huandika kadi ya kazi na kurudisha funguo pamoja na ankara. Kazi hufanyika nyuma ya mlango ambao mteja haruhusiwi kuupita, mara nyingi na fundi kijana anayepimwa kwa idadi ya magari aliyoyamaliza kwa siku. Mteja hamjui fundi huyo na hawezi kumuuliza lolote. Kule Kariobangi mteja husimama kando ya gari lake na kuiona spana inapoingia. Hili halimaanishi kwamba gereji za juakali hazina mafundi wababaishaji. Wapo, na gari lililoharibikia huko huwa na njia ngumu zaidi ya kudaiwa fidia, kwa kuwa mara nyingi hakuna ankara wala risiti. Linamaanisha kwamba ujuzi hupimwa kwa kazi iliyofanyika, na kazi hiyo huchunguzwa pale ilipofanyika, chini ya gari.

Inasikitisha zaidi kwa sababu baba ni mwalimu. Sehemu kubwa ya utumishi wake, kwa maelezo yake, ilikuwa chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985 kwa nia, miongoni mwa nyingine, ya kuwapa watoto stadi za mikono ili waweze kujitegemea. Masomo ya ufundi yaliwekwa kwenye ratiba. Shule nyingi, hata hivyo, ziliendelea kuutaja ufundi kama adhabu ya aliyefeli, na watoto waliisikia adhabu kuliko somo. Leo zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wenye ajira Kenya wako katika sekta isiyo rasmi, kwa mujibu wa takwimu za serikali. Mzazi anayeidharau sekta hiyo anawadharau walio wengi nchini, akianza na wa nyumbani kwake. Barua yenyewe inasema, kama kitu cha kuombea radhi, kwamba kijana "hakufika chuo kikuu, ana cheti tu cha NITA daraja la pili". NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, humpima fundi kwa mtihani wa kazi, kutoka daraja la tatu kupanda hadi la kwanza. Daraja la pili halipatikani kwa kuombewa. Neno "tu" katika sentensi hiyo halikustahili kuandikwa na mzazi.

Heshima ambayo mwalimu alidhani anailinda pale ofisini ilikuwa inamtoka wakati uleule. Kampuni iliona mteja asiyejua gari lake na ambaye, alipopata mtu wa kumsaidia kujua, alimfunga mdomo mwenyewe. Mteja wa namna hiyo huambiwa giaboksi imezeeka, na hukubali.

Sheria yenyewe iko upande wake kuliko anavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari. Mtengenezaji anatakiwa kutoa makadirio ya bei kabla ya kazi na haruhusiwi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Anatakiwa kumpa mteja nafasi ya kuchukua vipuri vilivyotolewa. Chujio kuukuu ambalo halikuwahi kuonyeshwa kwa mwenye gari ni swali ambalo kampuni italazimika kulijibu. Vipuri vipya na kazi ya kuviweka huhesabiwa kuwa na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kipi kitatangulia, hata kama ankara haikutaja dhamana yoyote. Wiki tatu ni ndani kabisa ya muda huo, ikiwa kilomita hazijapita kiwango. Tangazo la ukutani linalosema kwamba magari huachwa kwa hatari ya mwenyewe halizifuti haki hizo, wala sahihi ya mteja kwenye karatasi inayosema ameridhika.

Dhamana hupotea mteja akilitumia vibaya gari. Gari linalotetemeka likiendelea kupelekwa mjini kila asubuhi, kampuni itakuwa na hoja kwamba mwenyewe ndiye aliyelimaliza. Kwa hiyo gari lisimame nyumbani. Tena lisipelekwe Jumanne. Bakuli likishafunguliwa na kampuni, nati zenye tope la zamani hazitakuwepo, na ushahidi bora wa kesi hii utakuwa umefutwa na mdaiwa, kwa ruhusa ya mdai. Kampuni iandikiwe barua fupi inayoitaarifu juu ya hitilafu, kwamba gari litakaguliwa kwanza na mtu huru, na kwamba inaalikwa kuhudhuria ukaguzi huo.

Kabla ya hapo, nati zote zipigwe picha zenye kuonyesha tarehe, karibu na kwa mbali, pamoja na namba ya gari. Kisha aitwe mkaguzi wa magari asiye na uhusiano na upande wowote. Chama cha Magari cha Kenya, kinachojulikana zaidi kama AA, hufanya kazi hiyo, na wapo wakaguzi wa kujitegemea wanaotumiwa na kampuni za bima. Mkaguzi achukue pia sampuli ya oili katika chupa safi iliyofungwa. CVT huendeshwa na mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na mkanda huo hutegemea msuguano wa oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza na kuzila puli. Mtetemo unaoelezwa kwenye barua unaweza kutokana na kosa hilo, na unaweza pia kutokana na uchakavu wa kweli. Kwa kuusikiliza tu hauwezi kutofautishwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kiasi cha fidia. Dai la shilingi 68,000, au la sehemu yake iliyolipia chujio na gasketi, lina nguvu kwa kuwa kazi ilitozwa bila kufanyika. Dai la giaboksi nzima linahitaji ripoti ya mkaguzi inayoonyesha kwamba kosa la kampuni ndilo lililoiharibu. Gharama za kuvuta gari, za ukaguzi na za usafiri wa lazima huongezwa zikiwa na risiti. Mipaka ya fidia imewekwa na kanuni ya kale ya mahakama za Uingereza, iliyotokana na kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya 1854 na inayotumika Kenya: hulipwa hasara inayofuata kosa kwa kawaida, au ambayo pande zote mbili zingeweza kuitarajia zilipopatana.

Barua ya madai itaje kiasi, iambatanishe ripoti na itoe muda wa kujibu. Wiki mbili zinatosha. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kampuni ikikaa kimya, njia ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mdai anaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili bila wakili, na uamuzi unatakiwa kutolewa ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee. Dai la mkataba hufa baada ya miaka 6, la uzembe baada ya 3, lakini tope la kwenye nati halitasubiri muda wote huo.

Mbele ya mwamuzi, kauli ya mtoto wa mdai itaonekana ina upendeleo, na ndiyo sababu ripoti ya mkaguzi inahitajika. Hata hivyo mkaguzi naye anahitaji mtu wa kumwonyesha pa kutazama, na anayepajua ni yule wa Kariobangi. Kabla ya kuombwa kuja na tochi yake, aombwe radhi kwanza. Baba ndiye aende, mpaka kwenye gereji, na aseme mbele ya mafundi wenzake kwamba kijana alikuwa na haki ya kusikilizwa, kwa kuwa alivunjiwa heshima mbele ya watu. Ukaguzi ukifanyika, alipwe ada ya fundi kwa muda aliopoteza kazini, kama ambavyo mtu mwingine yeyote mwenye cheti chake angelipwa, na risiti yake iwekwe pamoja na zile za dai.