Gari la Delivari Linagonga Mbele? Usikimbilie Kununua Shokapu

Leo tuache kidogo habari za picha na matangazo, tuongelee kelele. Ile "kodo kodo" unayoisikia mbele ya Noah ukipita kwenye rasta za Kilwa Road, au Kirikuu inavyogonga ukiacha lami pale Chamazi kuingia mtaani kwa mteja. Kwa sisi tunaosambaza wenyewe, hiyo kelele ni hela. Ni chupa zinazopasuka, ni mteja anayekataa mzigo mlangoni, na siku ikiwa mbaya ni gari kukuzimia safari na oda za watu ziko ndani.

Mimi nauza vyombo, sahani na glasi, natokea Mbagala. Kwa mzigo kama wangu ukipuuza kugonga, jioni unahesabu vipande. Nimekaa gereji sana, na nimeona kitu kimoja: mafundi wengi wakisikia gari linagonga mbele, neno la kwanza ni "shokapu zimekufa". Mara nyingine ni kweli. Lakini kwenye haya magari yetu ya umri mkubwa, mara nyingi kilichokufa ni kile kinachoishika shokapu. Yaani mauntini.

Mauntini ni kile kipande cha chuma na mpira kilichokaa juu kabisa ya shokapu ya mbele, kimefungwa kwenye bodi kwa nati. Mpira unapokea kishindo. Kwenye magari mengi kuna na beringi hapohapo, inayoruhusu springi izunguke vizuri unapokata usukani. Mpira ukikauka na kupasuka, au ukibanduka kwenye chuma chake, kila shimo linagonga bodi moja kwa moja. Shokapu yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Kuna dada anauza asali na mafuta ya nazi kwenye chupa, anasambaza kutokea Tegeta. Gereji moja ilimfungia shokapu mpya za mbele, mbili. Akatoka, tuta la kwanza tu, kelele ileile. Akarudishwa, akaambiwa sasa ni springi. Bahati nzuri hakutoa hela tena. Fundi mwingine akafungua boneti, akamwambia mwenzake atikise gari, akaona nati ya katikati inaruka juu na chini. Mpira wa mauntini ulikuwa umeachana na chuma. Wale wa kwanza walichukua shokapu mpya wakazifunga kwenye mauntini zilezile mbovu. Na mauntini bei yake ni ndogo kuliko shokapu, hapo ndipo panapouma.

Kwa nini magari yetu yanawahi kufa hapo? Mzigo. Kirikuu huko Japani imesajiliwa kubeba kilo 350, basi. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji. Wewe hesabu unachopakia. Noah ya watu 8, Wajapani wanahesabu kilo 55 kwa mtu, kwa hiyo abiria wote na dereva ni kilo 440. Ukitoa viti ukaweka rafu za mbao, friza na katoni, ukafanya gari kuwa duka, unazipita hizo kilo bila kujua. Halafu kuna jambo la pili: abiria wanashuka, duka halishuki. Mpira unakandamizwa hata usiku umelala. Wenye magari ya kulala huko Ulaya, yale yenye kitanda na jiko ndani, mengi yamejengwa juu ya Fiat Ducato, nao wana tabu hiyohiyo: gari limepaki miezi, uzito uko palepale juu ya mpira.

Sasa namna ya kujua. Kwanza sikiliza inagonga lini, kabla hujamwita fundi. Ikigonga kwenye vishimo vidogo ukiwa mwendo wa polepole, shuku mauntini au linki za stebilaiza. Ikilia ukikata usukani gari limesimama, springi ikawa kama inakwama halafu inaruka, "dwiiing", hiyo mara nyingi ni beringi ya mauntini. Ikigonga unapofunga breki tu, nenda kwenye bushi za arm. Andika kwenye simu, au rekodi sauti kabisa. Fundi ukimwambia "linagonga" tu, umempa ruhusa ya kubahatisha.

Pili, jaribio la mkono. Paki sehemu tambarare. Mwenzako akae kwenye usukani auzungushe polepole, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Wewe weka kiganja kwa nje ya springi, nyuma ya tairi. Usiingize vidole katikati ya springi, tafadhali. Springi nzima inazunguka laini. Mbovu inajikunja, inakwama, halafu inashtuka na unaisikia mkononi. Fanya pande zote mbili ulinganishe.

Tatu, angalia juu. Kama gari lako sehemu ya juu ya mauntini inaonekana, mulika na tochi mtu akiwa anakandamiza kona ile ya gari na kuachia. Nati ya katikati ikicheza kuliko ya upande wa pili, au mpira una nyufa za kuingiza kucha, umeshapata jibu. Halafu ikague shokapu: ikiwa imelowa oili, au gari likikandamizwa linabembea mara tatu nne kabla ya kutulia, hapo nayo imekwisha na fundi hakukudanganya.

Hapo pia kagua bati lenyewe pale mauntini inapofungwa. Magari mengine yametoka sehemu za Japani zenye barafu, ambako barabara zinamwagiwa chumvi, na hapa kwetu yanakutana na hewa ya bahari. Ukiona kutu iliyovimba au ufa kwenye bati, acha kupakia. Hiyo ni kazi ya mchomeleaji anayejua bodi, na mauntini mpya juu ya bati lililooza itang'oka nalo.

Onyo moja, na hili sitanii: ile nati ya katikati usiifungue mwenyewe nyumbani. Ndiyo inayoishikilia springi iliyobanwa. Ukiifungua bila kifaa cha kubana springi, inafyatuka na inaweza kuua. Na usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake.

Wenye Hiace, mbele kwenu hakuna muundo huu, shokapu iko peke yake na ina vimpira vidogo juu na chini. Angalieni hivyo. Kirikuu kwa nyuma ina springi za vyuma bapa kama za lori, kwa hiyo ikigonga nyuma unapoondoka na mzigo, tazama bushi za kwenye ncha za springi na kaza yubolti.

Ukienda Gerezani kununua, nenda na ile ya zamani mkononi. Noah ya kabla ya 2001 na ile iliyofuata ni magari mawili tofauti, jina tu ndilo moja. Nunua mbili, kulia na kushoto, pamoja na beringi zake. Kisha simama pale fundi anapofunga, chukua mauntini mbovu zote mbili, na ukitoka hapo pitia alaimenti kabla tairi hazijaanza kulika upande. Baada ya wiki ya kubeba mzigo rudi akaze nati.