SOMO LA JEOGRAFIA: BONDE NYUMA YA ROHTANG

Mara hii tunawaita kusafiri pamoja nasi mpaka India, katika milima ya Himalaya. Hakuna nauli ya kulipa. Fungueni karte tu, mweke kidole juu ya mji wa Kalka.

Pale Kalka kuko reli nyembamba inayopanda mpaka Shimla. Ilifunguliwa mwaka 1903, ina urefu wa kilometa 96, na gari-moshi linapita katika tuneli zaidi ya 100. Tangu 1864 Waingereza walifanya Shimla kuwa mji wao mkuu wa wakati wa joto, maana joto la chini liliwashinda. Wageni wengi wanaishia hapo. Sisi tunaona wanakosa jambo.

Pandisheni kidole kaskazini mpaka Manali, mji wa misitu na mashamba ya matofaa. Mbele yake barabara inavuka mlima mahali panapoitwa Rohtang, kwenye mita 3,978. Nyiragongo yetu ina 3,470, basi hesabuni wenyewe! Mawingu yanayotoka baharini yanagonga milima hii na kumwaga mvua upande wa Manali. Upande wa pili, katika bonde la Lahaul, mvua inafika kidogo sana. Kwa hiyo watu wa kule wanalima kwa maji ya barafu inayoyeyuka, wanayavuta kwa mifereji mpaka shambani.

Zamani theluji ilifunga Rohtang karibu nusu ya mwaka. Chakula, kuni na majani ya ng'ombe, vyote viliwekwa akiba mbele ya baridi. Waliojaribu kuvuka kwa miguu, wengi walifia njiani.

Nyuma ya mlima ule, kwa Keylong, wamisionari Wamoravi walikuja kukaa mwaka 1856: Wilhelm Heyde na Eduard Pagell, wote Wajerumani. Mwaka 1857 akafika Jäschke, mtu wa lugha kweli kweli. Kamusi yake ya Kitibeti na Kiingereza ilitoka 1881. Heyde alikaa nchi ile miaka 50, mpaka 1903. Waliobatizwa walikuwa wachache sana. Tuliposoma hilo, wengine wetu tulisema kazi ilipotea bure. Lakini Maria, mke wake Heyde, alifundisha wanawake kufuma shoseti za sufu, na mpaka leo shoseti za Lahaul zinajulikana kwa rangi zake. Na Biblia nzima ya Kitibeti ilimaliziwa na mtu wa huko huko, Yoseb Gergan wa Ladakh. Ilichapwa 1948, yeye alikuwa amekwisha kufa.

Tarehe 3 Oktoba 2020 India ilifungua tuneli ya kilometa 9 chini ya mlima huo. Safari ya Manali mpaka Keylong ilipungua kilometa 46, na sasa hata wakati wa baridi magari yanapita, ijapokuwa siku zingine theluji inaporomoka na kukata barabara. Wageni nao wamekuwa wengi, pamoja na takataka zao.

Sisi wa mwaka wa mwisho tulibishana sana. Wamoja walisema bonde lingebaki vile lilivyokuwa, na utulivu wake. Basi mwenzetu mmoja, ambaye kwao matope yanakata barabara kila majira ya mvua, akatuuliza: «Ninyi mulishabeba mgonjwa kwa tipoyi?» Hakuna aliyejibu.

Zoezi: mito Chandra na Bhaga inakutana Tandi, karibu na Keylong. Tafuteni kwenye karte mto unaozaliwa hapo, na nchi unayoingia ukitoka India.