Kachumba ka Nguo: Namna ya Kukachunga Safi Juu ya Afya ya Watoto

Mama, leo hatutasema juu ya chakula wala juu ya sindano. Tutaingia ndani ya nyumba yako, tupite chumba cha kulala, tufungue ule mulango mudogo wa nyuma. Nyumba nyingi ziko na kachumba namna ile: hakuna kitanda, hakuna dirisha, iko kamba yenye nguo, sanduku, valizi moja juu ya ingine, mufuko wa maharagi, jembe, chupa ya petroli. Kama nyumba yako haina kachumba, labda uko na kamba ukutani ao kartoni chini ya kitanda. Maneno haya ni yako vilevile.

Juu ya nini munganga anauliza habari ya manguo? Kwa sababu kuna magonjwa yanayolala ndani ya nguo, kuna ingine inayoletwa na wadudu na panya wanaolala karibu na nguo, na kuna hatari moja ambayo mama mwenyewe anaitia ndani ya sanduku kwa mukono wake, akifikiri anafanya vizuri. Tuanze na hii.

VIDONGE VYEUPE VYA NAFTALINI

Fikiri mama mumoja anayepanga vitu kuliko jirani wote. Nguo za mutoto wake wa kwanza alizifula, akazikunja, akazitia ndani ya sanduku pamoja na vidonge vya naftalini, kusudi wadudu wasizikule. Miaka miwili inapita. Mutoto wa pili anazaliwa. Mama anafungua sanduku, anamuvalisha, anamufunika na ile blanketi yenye kunuka naftalini. Kisha siku chache macho ya mutoto yanakuwa manjano, anachoka, anaacha kunyonya. Mama huyu hakuwa muvivu, hapana. Bidii yake ndiyo ilileta hatari.

Naftalini inatoa hewa inayoingia kwa pua na kwa ngozi. Kama mutoto amepakwa mafuta, inapita ngozi upesi zaidi. Sasa, watoto wengine wanazaliwa na damu yenye kupungukiwa na kitu kinachoitwa G6PD. Upungufu huu ni mwingi katika inchi zenye malaria, kama Congo yetu, na unaonekana zaidi kwa wavulana. Mutoto mwenyewe anaonekana muzima, huwezi kujua kwa macho. Lakini naftalini ikiingia mwilini mwake, inapasua chembe nyekundu za damu. Damu inapunguka, na rangi ya manjano inajaa mwilini. Ikiwa nyingi sana inaharibu ubongo. Mutoto anaweza kufa, ao kupona akabaki kiziwi ao kilema.

Basi usitie naftalini katika nguo za mutoto, hata kidonge kimoja. Kafuri vilevile si ya mutoto muchanga. Tena vidonge hivi vinafanana na bonbo, na mutoto anayetambaa anatia kila kitu kinywani. Kama nguo zimekwisha kupata harufu ile, usimuvalishe. Zianike nje siku kadhaa, zifule, zianike tena. Kama pua yako inaisikia bado, nguo ile si ya mutoto muchanga. Mufunike na kikwembe chako safi.

Ukiona macho ao ngozi ya mutoto imekuwa manjano, viganja vyeupe, mukojo mweusi kama chai kali, ao anakataa titi, umulete hospitali siku ile ile. Usingoje asubuhi. Na umwambie munganga kama nguo zilichungwa na naftalini. Neno hilo moja linamusaidia sana.

Utauliza: sasa mende na wadudu, nitawafukuza namna gani? Wadudu wanapenda nguo yenye jasho na alama ya chakula. Nguo iliyofulwa, iliyokauka kabisa, iliyofungwa ndani ya sanduku lenye mufuniko muzuri, haiwavuti. Uitoe juani mara moja kwa mwezi. Hakuna dawa ingine ya kununua.

NGUO ISIINGIE NA UNYEVU

Katika majira ya mvua tunajua shida. Nguo haikauki, jioni imefika, unaikunja hivyo hivyo. Kisha juma moja inakuwa na madoa meusi na harufu ya ukungu, na mutoto mwenye kifua kibaya anakohoa usiku. Afazali nguo ilale juu ya kamba karibu na moto wa jikoni kuliko kuingia na unyevu ndani ya kachumba.

Kuna tena ule nzi wa rangi ya manjano anayetaga mayai juu ya nguo yenye unyevu iliyoanikwa kivulini, ao ndani ya udongo wenye harufu ya mukojo. Yai linatoa funza kisha siku chache, naye anaweza kungoja ndani ya nguo zaidi ya juma moja bila kula. Mutoto akivaa, funza anaingia katika ngozi, na unaona kama jipu lenye katundu kadogo katikati. Kwa hiyo anika juani, juu ya kamba, si juu ya majani wala chini. Kisha piga pasi pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono na mikunjo, kwa sababu pasi ya makala inaua mayai na funza. Vitambaa vya mutoto ndivyo vya kwanza, hata kama makala ni kidogo. Shati la bwana linaweza kungoja. Kama jipu la namna ile limekwisha kutoka, usichimbe na wembe wala sindano: funza akipasuka ndani, kidonda kinakuwa kikubwa. Funika katundu na vazelini, funza anakosa hewa na kutokeza. Ao uje kwetu tumutoe.

CHAWA NA UPELE

Chawa wa mwilini hakai katika nywele. Anakaa katika mishono ya nguo, anatoka tu kula damu. Ni yeye anayeleta tifusi, ambayo si sawa na tifoide ya maji machafu, hata kama majina yanafanana. Kule Burundi, wakati wa vita, mwaka 1996 na 1997, tifusi iligonjeza watu makumi ya maelfu katika makambi, pahali watu walikosa nguo ya kubadilisha na sabuni. Chawa hapendi moto: chemsha nguo, piga pasi mishono.

Upele ni kadudu kengine, kanakaa katika ngozi, lakini kanaweza kupita siku mbili ao tatu katika blanketi. Siku munganga anapowapa dawa ya upele, nyumba yote inajipakaa siku moja, na nguo na mashuka ya siku zile yanafulwa kwa maji ya moto. Kile kisichoweza kufulwa, kama koti zito, kifunge ndani ya mufuko wa plastiki juma moja. Watu wengi wanapakaa dawa vizuri, kisha wanarudia blanketi ile ile. Halafu wanasema dawa ni ya uongo.

Nguo za balo ulizonunua ku soko, hata zikionekana mupya, zipite majini na chini ya pasi mbele ya kuingia kachumba.

KUPANGA

Siku ya posho, watoto wakiwa nyumbani, toa vitu vyote nje. Ndiyo, vyote. Fagia chini, kuta na pembe za juu. Ziba matundu ya panya na potopoto na mawe. Tia matafari manne chini na mbao juu yake, kusudi sanduku lisiguse udongo, na uache nafasi ya mukono mumoja kati ya sanduku na ukuta, hewa ipite.

Mufuko wa maharagi utoke mule. Chakula kinaita panya, na panya anakuja na viroboto vyake. Wamama wa Ituri wanajua tauni, sisi hatuna la kuwafundisha: panya akifa, viroboto vinamwacha na kutafuta mutu. Ukikuta panya wengi wamekufa bila sababu, usiwaguse kwa mukono. Peleka habari ku senteri upesi.

Petroli, soda kostike na dawa ya panya vitoke pia, viwekwe juu, pahali mukono wa mutoto haufiki, na si ndani ya chupa ya limonadi hata siku moja. Mutoto akikunywa petroli, usimutapishe, kwa maana ikirudi inaingia mapafu. Umulete mbio. Chandarua kisikunjwe mule kingoje wageni. Kazi yake iko juu ya kitanda, usiku huu.

Nguo chafu zisikae na safi. Kikapu chenye matundu kinatosha kwa chafu, karibu na mulango. Nguo za kila siku ziwe chini, kusudi watoto wazichukue pasipo kuangusha zote. Nguo za siku kuu ziwe juu. Zile ambazo hakuna anayezivaa tangu mwaka jana, mupe mwenye haja, kwani unachunga kivuli cha mende.

Na wewe mwenye mimba, ukifika mwezi wa nane, tayarisha fungu moja: vikwembe viwili, vitambaa vya mutoto, kofia, blanketi ndogo, sabuni. Vyote vifulwe, vipigwe pasi, vifungwe ndani ya kitambaa safi, pasipo naftalini. Uliweke pembeni ya mulango wa kachumba na umuonyeshe bwana yako ao shangazi pahali pake, hata mara mbili, kwa sababu uchungu ukianza usiku na taa imezimika, yeye ndiye atalitafuta.