Kalibu Moja, Matofali Mengi: Somo Kuhusu Violezo vya Kazi za Timu

Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo vikundi vingi vinakutana nalo tangu kazi zetu zihamie kwenye simu na kompyuta. Mradi unapoanza, mtu mmoja hufungua folda ya pamoja kwenye mtandao. Ndani yake huweka jedwali la kuandikisha wanachama, mihtasari ya vikao, orodha ya kazi za wiki na mahali pa picha. Timu ya pili ikianza, hainzi na ukurasa mtupu, bali inanakili ile ya kwanza. Umbo hilo linalonakiliwa ndilo tunaloliita kiolezo.

Mfyatua matofali wa Mbozi analijua jambo hili hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Kalibu ikipinda, matofali yote hutoka yamepinda. Ukiinyoosha leo, yale yaliyochomwa jana hayanyooki. Folda na majedwali ya kompyuta ni hivyo hivyo: unaporekebisha kiolezo, nakala zilizokwisha kutolewa zinabaki kama zilivyokuwa. Wengi hawaliamini jambo hili mpaka liwapate. Sisi lilitupata.

Yaliyotupata

Timu yetu ya kwanza ilikuwa Tunduma, ikiwatembelea watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI pamoja na familia zao. Jedwali lao lilikuwa limepangwa vizuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Tulipotaka kuanzisha timu nyingine Vwawa, Itumba na Mkwajuni, hatukuona sababu ya kuhangaika. Tulilinakili jedwali zima, tukafuta majina yaliyoonekana kwenye ukurasa wa kwanza, kisha tukatuma kiungo kwa viongozi. Ukurasa wa tatu ulikuwa umefichwa, nasi hatukuukumbuka. Humo mlikuwa na majina, namba za simu na siku za kwenda kuchukua dawa. Tena jedwali lilikuwa limewekwa ili yeyote mwenye kiungo aweze kulifungua, kwa kuwa mwanzoni timu ilikuwa ya watu wanne tu na hilo lilirahisisha kazi.

Aliyetuambia ni mama mmoja anayejitolea katika timu mojawapo mpya. Alikuwa amekuta jina la shemeji yake, na nyumbani kwao hakuna aliyekuwa akijua. Alipiga simu jioni. Hakugomba, aliuliza tu: "Hii karatasi wameiona wangapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulifunga kiungo usiku ule ule, lakini hatukuweza kuzifikia simu za waliokwisha kulipakua. Majuma mawili yaliyofuata tulikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale waliotajwa, tukaeleza na kuomba radhi. Wengi walitupokea. Mmoja aliacha kabisa kuja kwetu, wala hatumlaumu.

Ni vema wasomaji wajue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya, za watoto na za miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti. Zambia nayo ina sheria yake ya mwaka 2021. Kikundi chenye wanachama Tunduma na Nakonde kinapaswa kuzifahamu zote mbili.

Tuliyojifunza kwenye zahanati

Baada ya hapo tulitafuta nani amewahi kuendesha kiolezo kimoja mahali pengi bila kuharibikiwa, na jibu lilikuwa karibu nasi. Kila zahanati nchini ina vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito. Muuguzi akihamishwa kutoka Ileje kwenda Mtwara, anakuta safu zile zile, na kesho yake anaanza kazi.

Zahanati haina ruhusa ya kubadili safu za kitabu. Mabadiliko hutoka wizarani, nacho kitabu kipya huchukua nafasi ya cha zamani. Jambo hili lina ubaya wake. Mara nyingi utakuta daftari la kawaida lililopigwa mistari kwa rula, limewekwa kando ya kitabu kwa ajili ya jambo ambalo wizara haikulifikiria. Sisi hatulidharau daftari hilo, maana ndilo linaloonyesha kiolezo kimepungukiwa wapi.

La pili ndilo lililotugusa zaidi. Mwisho wa mwezi, kinachopelekwa wilayani katika taarifa ya jumla ni hesabu: wagonjwa wangapi, wa umri gani, wa ugonjwa gani. Kitabu chenye majina kinabaki zahanati. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume, kwa kuyaweka majina mahali ambapo ofisi nzima ingeyaona, wakati ofisi ilihitaji jumla tu. Sasa jedwali la majina la kila timu hufunguliwa na watu wawili, na jedwali la pamoja lina hesabu peke yake.

Kiolezo kijue kilipo

Kiolezo kilichotengenezwa Dar es Salaam, au mbali zaidi, hakijui kwamba Tunduma ni mpakani. Jedwali letu la kikundi cha kuweka na kukopa lilikuwa na safu iliyoandikwa "Kiasi". Kiasi cha nini? Hapa soko moja linatumia shilingi na kwacha. Mia tano za kwacha ni fedha ya maana. Mia tano za shilingi hazitoshi hata soda. Mhazini wetu alijua kila tarakimu ni ya sarafu gani, lakini alipougua, hakuna mwingine aliyejua. Siku hizi sarafu ina safu yake, na mwandishi anachagua moja kati ya mbili.

Halafu kuna saa. Mtu anaandika kikao cha saa 3 asubuhi kwa kuweka 3:00, nayo kompyuta, isiyojua Kiswahili, inatukumbusha saa 9 usiku. Tena Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa ng'ambo inaweza kujirudisha nyuma yenyewe. Tumecheka sana juu ya hili, ila kuna mgonjwa aliyekosa lifti ya kwenda hospitali kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kiolezo chetu sasa kinadai neno: asubuhi, mchana, jioni au usiku, na chini yake pameandikwa "saa za Tanzania".

Nani ana ufunguo

Tulikuwa tunasema kiolezo ni cha wote. Matokeo yake kila mmoja aliongeza safu yake na hakuna aliyeondoa. Wafadhili nao (watuwie radhi) kila mmoja alileta zake. Tulipohesabu tulikuta safu 41, na watu wa kujitolea walikuwa wanajaza tisa tu.

Sasa kiolezo kina mtunzaji mmoja na msaidizi wake, na majina yao yako juu ya ukurasa wa kwanza pamoja na namba ya toleo na tarehe. Hakitengenezwi tena kwa kufuta kazi ya timu fulani. Kinajengwa kitupu, na mifano ndani yake ni ya majina ya matunda: Embe, Papai, Parachichi. Timu inaweza kuongeza safu zake upande wa kulia, lakini haigusi zile za kushoto. Safu ikiongezwa na timu tatu, mtunzaji anaileta kikaoni ijadiliwe. Anayetaka kuongeza safu ya kudumu anaulizwa nani ataisoma, na swali hilo peke yake limetuokoa na safu nyingi.

Mtunzaji ana pia daftari la nakala zote, la karatasi kabisa. Kiolezo kikibadilika anazifuata moja moja na kuweka alama. Ni kazi ya kuchosha, na mtandao wa Mkwajuni haumsaidii. Timu ikivunjwa, anaondoa ruhusa za watu wake ndani ya wiki hiyo.

Zoezi la kikundi

Fungueni folda yenu ya pamoja mkiwa mmekaa pamoja, na mfungue kila ukurasa, hata uliofichwa. Kisha jadilianeni:

Ni nani wanaoweza kuifungua leo, na kati yao ni nani waliokwisha kuacha kazi?

Ni majina ya akina nani yamo ndani, na je, wenyewe wanajua?

Mama yule akiwapigia simu ninyi jioni hii na kuuliza wangapi wameiona, mtamjibu nini?