Kufundisha Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Tulipokagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Heru Juu, wilayani Kasulu, tulihudhuria somo la umbali na muda wa safari. Mwanachuo alianza vema. Alichagua viwanja vya ndege vya Kigoma na Tabora, ambavyo vyote viko kiasi cha digrii 5 kusini ya Ikweta. Kigoma iko karibu na longitudo 29°40′ Mashariki, Tabora 32°50′. Tofauti ni digrii 3 na dakika 10. Wanafunzi walizidisha kwa kilomita 111, wakapata 351 hivi. Kwa ndege iendayo kilomita 500 kwa saa, hizo ni dakika 42. (Ratiba huonyesha muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndege hupaa na kushuka polepole, jambo hilo nalo lafaa kutajwa darasani.)

Kisha akageukia ramani ya dunia ukutani, akachagua viwanja viwili vya kaskazini ya mbali, Tromsø na Kirkenes nchini Norwei. Vyote viko karibu na latitudo 70, na tofauti ya longitudo ni digrii 11. Darasa zima likaandika kilomita 1,221, yaani saa 2 na dakika 27. Mwanachuo akawapa wote alama ya vema. Kumbe umbali wa kweli ni kilomita 420 hivi, mwendo wa dakika 50!

Lawama si yake. Sisi wakufunzi ndio tuliompa 111 kama kanuni, bila kusema kwamba hicho ni kipimo cha Ikweta. Karibu na Ikweta kosa halionekani: katika latitudo ya Kigoma digrii ya longitudo hupungua kwa chini ya nusu kilomita. Lakini kwenye latitudo 60 hubaki nusu tu, kwenye 70 hubaki kilomita 38, na kwenye ncha hakuna kitu.

Kesho yake tulimshauri aje na machungwa. Wanafunzi waliyamenya bila kuyapasua, wakapima kwa uzi upana wa kipande kimoja katikati, kisha karibu na kikonyo. Hawakuhitaji maelezo marefu. Msichana mmoja ndipo akauliza: "Mwalimu, mbona kwenye ramani mistari hii haikutani?"

Swali hilo lilistahili kipindi kizima, na tulifurahi mwanachuo alipoacha andalio lake akalijibu. Mchoraji wa ramani ile aliitandaza dunia ya mviringo juu ya karatasi, akaiacha mistari ya longitudo isimame sambamba. Kwa hiyo nchi za kaskazini zimevutwa kama ngozi ya ngoma. Greenland huonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika huizidi takriban mara 14.

Wanafunzi wakarudia hesabu ya Norwei: 11 mara 38, kilomita 418.